Freeciv: Mwongozo Kamili wa Kujenga Himaya, Kuanzia Mji wa Kwanza Hadi Ushindi

Freeciv ni mchezo wa kompyuta wa mikakati unaochezwa kwa zamu, ambamo kila mchezaji huanza na kikundi kidogo cha walowezi katika zama za kale na kulilea taifa lake hadi zama za safari za anga. Ulianzishwa Novemba 1995 na wanafunzi watatu wa Chuo Kikuu cha Aarhus nchini Denmark, Peter Unold, Claus Leth Gregersen na Allan Ove Kjeldbjerg, na toleo lake la kwanza likatoka Januari 1996. Tangu hapo umeendelezwa na watu wanaojitolea chini ya leseni ya GPL, ambayo humruhusu mtu yeyote kuupakua, kuucheza, kuugawa na hata kuubadilisha bila kulipa chochote. Hakuna sehemu yake iliyofichwa ikisubiri malipo, na hakuna mchezaji anayeweza kununua nguvu ambazo mwenzake hana.

Mwongozo huu unasimamia hoja moja: mchezo huu huamuliwa mapema, tena huamuliwa na miji, yaani idadi yake, mahali ilipojengwa na kasi iliyojengwa nayo. Mchezaji mgeni huvutwa na maajabu ya dunia, yaani majengo makubwa ya kipekee, na vita vikubwa, akabaki na miji mitatu mizuri huku jirani yake akiwa na kumi na miwili ya kawaida, na kufikia zama za bunduki anakuwa ameshachelewa. Ndiyo maana nimekaa kwa muda mrefu kwenye zamu za mwanzo na nikapita kwa haraka kwenye zama za mwisho.

Kuupata mchezo na kuuandaa

Kwa watumiaji wa Windows, programu ya kusakinisha hupatikana katika tovuti rasmi ya freeciv.org. Kwa watumiaji wa Linux, mchezo umo tayari katika hazina za programu za mifumo mingi. Kwenye Debian na jamaa zake, amri ya "sudo apt install freeciv" inatosha. Upo pia mradi unaoitwa Freeciv-web, unaouwezesha mchezo kuchezwa ndani ya kivinjari bila kusakinisha chochote.

Ni vyema kuelewa tangu mwanzo kwamba Freeciv ina sehemu mbili. Seva ndiyo inayoshika ramani, sheria na hesabu zote, na programu ya mchezaji ndiyo inayokuonyesha ramani na kupokea maagizo yako. Unapocheza peke yako huna haja ya kuigusa seva, kwa sababu programu ya mchezaji huiwasha yenyewe unapochagua kuanza mchezo mpya. Hata hivyo unaweza kuipa seva maagizo kupitia mstari wa mazungumzo, kwa kuanza na alama ya mkwaju. Kwa mfano, "/set aifill 5" huhakikisha kuwa mchezo una wachezaji watano kwa kujaza nafasi zilizo wazi na wachezaji wa kompyuta, "/easy" huwapunguzia ukali, na "/save" huhifadhi mchezo.

Kabla ya kuanza utaulizwa mambo mawili yenye uzito. La kwanza ni mkusanyo wa kanuni. Mkusanyo unaoitwa civ2civ3 ndio wa kawaida katika matoleo ya 3.0 na kuendelea. Una serikali nyingi zaidi na huadhibu utanukaji usio na mpango. Mkusanyo wa classic ni mwepesi zaidi kueleweka, na kwa maoni yangu ndio unaofaa kwa mchezo wako wa kwanza. Takwimu zote nitakazotoa hapa ni za classic, isipokuwa pale nitakaposema vinginevyo. La pili ni ugumu wa wapinzani. Viwango vinavyoitwa Novice na Easy vinamfaa anayejifunza, lakini usikae humo muda mrefu, kwa maana wapinzani dhaifu hukufundisha uzembe wa ulinzi ambao kiwango cha Hard kitakuja kukutoza.

Mji wa kwanza

Zamu ya kwanza hukukuta na walowezi kadhaa, wafanyakazi na mvumbuzi. Usiwazungushe walowezi wa kwanza kutafuta mahali pakamilifu. Kila zamu mji unapokosekana ni zamu ya chakula, uzalishaji na utafiti iliyopotea, na hasara hiyo huzaa hasara nyingine, kwa kuwa mji ulioanza mapema ndio unaotoa walowezi wa mji unaofuata. Ukiwa karibu na mto au pwani, jenga hapo hapo kwa kubonyeza herufi b; kama mahali ulipo ni pabaya kweli, jipe zamu moja au mbili za kusogea, na si zaidi. Walowezi wa pili wanaweza kutembea kidogo ili miji isibanane. Mvumbuzi mbonyezee herufi x ili azunguke mwenyewe, na umwache aingie katika vijiji vidogo vilivyotawanyika, kwani huko huweza kupatikana dhahabu, maarifa mapya au askari wa kukodiwa, ingawa mara nyingine hutoka wavamizi.

Ili kuchagua mahali vizuri, ni lazima uelewe kinachotoka ardhini. Kila kigae cha ramani hutoa vitu vitatu: chakula, uzalishaji na biashara. Nyika ya majani mabichi hutoa chakula 2, tambarare kavu hutoa chakula 1 na uzalishaji 1, msitu hutoa chakula 1 na uzalishaji 2, na bahari hutoa chakula 1 na biashara 2. Kila raia hula chakula 2 kwa zamu na hufanya kazi katika kigae kimoja, na kigae ambacho mji umejengwa juu yake hufanyiwa kazi bila kuhitaji raia. Hesabu hii fupi inaeleza karibu kila kitu kuhusu uchaguzi wa eneo: mji usio na vigae vya kutoa chakula cha ziada hautakua, mji usio na vilima wala misitu hautajenga, na mji wa pwani utakua polepole lakini utaleta biashara nyingi. Mji bora wa mwanzo ni ule ulio juu ya kilima kando ya mto, wenye nyika mbele yake na bahari upande mmoja, kwa sababu kilima na mto humsaidia mlinzi na mto huongeza biashara.

Kutanuka bila kusita

Sasa tumefika kwenye kiini. Katika kila mji mpya, utaratibu ninaoupendekeza ni huu: jenga kwanza askari mmoja wa bei ya chini wa kulinda, kisha walowezi, kisha walowezi tena. Walowezi hugharimu uzalishaji 30 na hupunguza idadi ya watu wa mji, kwa hiyo ni lazima mji uwe umekua ndipo waweze kutoka. Panga orodha ya ujenzi ya mji ili usilazimike kuufungua kila zamu, na ukiona uzalishaji utakamilika kabla mji haujakua, ingiza wafanyakazi au askari kati yao.

Wachezaji wengi huiacha miji yao mbali sana mmoja na mwingine, wakitaka kila mji uwe na vigae vyake vyote bila kugusana na mwenzake. Huo ni upotevu. Katika classic mji hauwezi kupita ukubwa wa 8 bila mfereji wa maji, wala 16 bila mfumo wa majitaka, hivyo kwa sehemu kubwa ya mchezo raia wako hawatoshi kuvitumia vigae vyote. Nafasi ya vigae vitatu au vinne kati ya mji na mji inakupa miji mingi zaidi katika ardhi ile ile, na askari hutoka mji mmoja kwenda kuokoa mwingine kwa muda mfupi. Kikwazo chake ni kwamba kadiri miji inavyoongezeka ndivyo raia wasioridhika wanavyoongezeka katika kila mji, na kiwango hicho hutegemea aina ya serikali. Chini ya civ2civ3 adhabu hii huumiza zaidi, na mchezaji hana budi kuanza kujenga mahekalu mapema.

Zingatia pia mipaka. Kila mji huchora mpaka wa taifa kuuzunguka, na hakuna anayeweza kujenga mji ndani ya mpaka wa mwenzake. Kwa hiyo walowezi wako wa mapema wapeleke upande wa jirani, si upande wa nyuma yako ulio salama. Ardhi ya nyuma itakusubiri. Ile ya mbele itachukuliwa. Endelea hivi mpaka ardhi nzuri iishe, na usijenge ajabu lolote kabla ya hapo.

Wafanyakazi na ardhi

Wafanyakazi wanaweza kuachwa wajiendeshe wenyewe kwa herufi a, na anayejifunza hana ubaya akifanya hivyo. Lakini wawili wa kwanza ni vyema uwaongoze kwa mkono, kwa kuwa wanaojiendesha hawajui mpango wako. Anza na barabara, herufi r, katika vigae vya nyika na tambarare ambavyo raia tayari wanavifanyia kazi, kwa sababu barabara huongeza biashara 1 katika kigae cha namna hiyo na wakati huo huo huunganisha miji. Umwagiliaji, herufi i, huongeza chakula 1, lakini ni lazima kigae kiguse maji au kigae kingine kilichomwagiliwa. Mgodi juu ya kilima, herufi m, huongeza uzalishaji 3, na mji wenye migodi miwili hubadilika kabisa.

Kuna mtego hapa. Chini ya serikali ya kwanza, yaani Despotism, kigae kinachotoa zaidi ya 2 ya kitu chochote hupunguziwa 1. Nyika yenye chakula 2 ukiimwagilia inapaswa kutoa 3, lakini inakatwa na kubaki 2, na kazi yote inakuwa bure mpaka utakapobadilisha serikali. Kwa hiyo katika zama hizo mwagilia tambarare, ambayo hupanda kutoka chakula 1 hadi 2 bila kukatwa, na uiache nyika ipate barabara tu.

Utulivu wa raia

Raia 4 wa kwanza wa mji huwa wameridhika bila msaada; kuanzia wa tano, kila anayeongezeka huzaliwa hana raha, na katika himaya kubwa hali hiyo huanza mapema zaidi. Wasioridhika wakiwazidi wenye furaha, ghasia hutokea, na mji wenye ghasia hauzalishi ziada, hautoi kodi wala utafiti. Mchezaji anayeanza huligundua jambo hili pale miji minne inapolipuka katika zamu moja.

Dawa zake ni kadhaa, na zina mpangilio wake. Ya haraka ni kumwondoa raia mmoja shambani na kumfanya mtumbuizaji, kwa kubofya kigae chake katika dirisha la mji. Ya bei nafuu chini ya Despotism na Monarchy (serikali ya kifalme) ni kuweka askari ndani ya mji, kwani hutuliza raia kwa sheria ya kijeshi. Monarchy inakubali hadi askari watatu kwa kazi hiyo. Ya kudumu ni hekalu, na baadaye soko na ukumbi wa michezo. Ya nne, inayofaa sana chini ya serikali za kibiashara, ni kupandisha kiwango cha anasa cha taifa zima, yaani fungu la biashara linalotumika kuwafurahisha raia, kwa kuwa kila anasa 2 zinazofika mjini humpandisha raia mmoja daraja moja la furaha. Pitia orodha ya miji kabla ya kumaliza kila zamu, upange kwa hali ya utulivu, na usingoje tangazo la ghasia.

Kodi, hazina na ununuzi

Biashara inayokusanywa mijini hugawanywa katika mafungu matatu, dhahabu, anasa na sayansi, kwa asilimia unazopanga mwenyewe. Kila serikali ina kikomo cha fungu moja: Despotism asilimia 60, Monarchy 70, Republic 80, Democracy 90. Mwanzoni weka sayansi juu kadiri hazina inavyoruhusu, lakini usiiache hazina ikauke, kwa maana majengo yana gharama ya matunzo kila zamu, na dhahabu ikiisha mchezo huanza kuyauza.

Dhahabu hununua ujenzi, na hapa kuna hesabu ambayo kila mchezaji makini anapaswa kuijua kichwani. Bei ya kumalizia jengo ni mara mbili ya uzalishaji uliobaki, ukijumlisha mraba wa uzalishaji huo uliogawanywa kwa 20. Jengo lililobakiza 40 litagharimu dhahabu 160. Lililobakiza 20 litagharimu 60 tu. Lililobakiza 10 litagharimu 25. Isitoshe, kama hakuna hata alama moja ya uzalishaji iliyokwisha kuwekwa, bei huwa maradufu, yaani lile jengo la 40 litafika 320. Kutokana na hesabu hii yanatoka mambo mawili ya kufuata daima: usinunue katika zamu ile ile uliyoanza ujenzi, bali subiri angalau zamu moja, na ni nafuu kumalizia majengo madogo yaliyokaribia kwisha katika miji mitano kuliko kununua moja kubwa katika mji mmoja. Askari ni ghali zaidi kununua kuliko majengo, hivyo wanunue pale tu adui anapokuwa mlangoni.

Jihadhari pia unapobadilisha kinachojengwa. Kutoka jengo la kawaida kwenda askari, au kutoka askari kwenda ajabu, nusu ya uzalishaji uliokusanywa hupotea. Kubadilisha ndani ya kundi moja, kwa mfano hekalu kuwa maktaba, hakuna hasara.

Maarifa na serikali

Mti wa maarifa wa classic una teknolojia 87, na mchezaji anaweza kuweka lengo la mbali ili programu ifuate njia yenyewe. Pendekezo langu la mwanzo ni Bronze Working kwa ajili ya walinzi wanaoitwa Phalanx, kisha Alphabet, Ceremonial Burial na Code of Laws, ambazo zinafungua Monarchy. Kuifikia Monarchy mapema ni hatua kubwa kuliko ajabu lolote: adhabu ya vigae hutoweka, sheria ya kijeshi hubaki, na vita vinaendelea bila raia kulalamika. Mabadiliko ya serikali huleta kipindi cha vurugu kati ya zamu 1 na 5, kwa hiyo yafanye mara chache, wakati hakuna jeshi mpakani. Ajabu la Statue of Liberty huondoa usumbufu huo.

Baada ya Monarchy, chagua kulingana na ardhi yako. Mwenye miji mingi ya pwani na majirani watulivu ahamie Republic, inayopatikana kupitia Literacy, kwa kuwa huongeza biashara 1 katika kila kigae ambacho tayari kinatoa biashara. Mwenye vita visivyoisha abaki Monarchy hadi Communism. Democracy ina mapato makubwa kuliko zote, lakini kila askari aliye nje kivita huwakasirisha raia 2, na ghasia zikidumu katika mji mmoja serikali nzima huanguka. Civ2civ3 huongeza Tribal, inayofaa uzalishaji na jeshi mapema, na Federation kwa himaya kubwa yenye miji iliyotawanyika.

Philosophy ina zawadi yake: taifa la kwanza kuifikia hupewa teknolojia moja ya ziada. Ukiona wapinzani hawajaigusa Mysticism, teknolojia inayoitangulia, inafaa kugeuza njia na kuikimbilia. Katika civ2civ3 kumbuka pia kuwa na ubalozi kwa mataifa mengi iwezekanavyo, kwa sababu teknolojia ambayo mataifa hayo tayari wanayo huwa rahisi kwako kuitafiti.

Maajabu na misafara

Ajabu hujengwa mara moja tu katika dunia nzima, na aliyekuwa akilijenga pia akazidiwa kasi hubaki na uzalishaji wa kutafutia matumizi. Kwa hiyo usiyajenge taratibu katika mji mmoja kwa zamu arobaini. Ukishapata teknolojia ya Trade, jenga misafara katika miji yako yote ya kati, kila mmoja uzalishaji 50, iweke ndani ya mji mmoja, na siku unapopata teknolojia ya ajabu unalolitaka iingize yote kwa pamoja. Ajabu linaweza kukamilika ndani ya zamu mbili, na wapinzani hawapati nafasi ya kukukimbiza. Misafara ile ile, ikipelekwa mji wa mbali, hasa wa taifa lingine au bara lingine, hufungua njia ya biashara na kuleta malipo ya mara moja.

Usihangaike kuyapata yote. Yale yanayogusa kila mji, kama Michelangelo's Chapel kwa utulivu na Leonardo's Workshop linalowaboresha askari wa zamani bila gharama, yana thamani kubwa kwa mwenye miji mingi. Hapo ndipo utanukaji wa mwanzo unapoanza kulipa mara ya pili.

Majirani

Kwa kawaida mataifa huanza yakiwa vitani, hata kama hayajawahi kuonana. Kwa hiyo ukikutana na mtu, fungua mazungumzo zamu hiyo hiyo na mbadilishane balozi. Wachezaji wa kompyuta hufuata ngazi: kwanza kusitisha mapigano, kisha amani, kisha muungano, na hawakubali kuruka. Usitishaji wa mapigano hudumu zamu 16 tu kisha vita hurudi vyenyewe, na hili huwaumiza wengi wanaodhani tayari wana amani. Mkataba wa amani nao hupitia kipindi cha mpito cha zamu 16, na ukianza kufanya kazi askari waliobaki katika ardhi ya mwenzao huondolewa.

Meza hiyo hiyo ya mkataba huruhusu kubadilishana teknolojia, ramani na dhahabu. Toa teknolojia ya kiraia ili kupata nyingine ya kiraia, na uwe mgumu unapoombwa ya kivita. Katika classic, anayevunja mkataba akiwa chini ya Democracy huiangusha serikali yake mwenyewe, kwa hiyo usitie saini amani na unayekusudia kumshambulia.

Kuna pia wavamizi wasio na taifa, ambao kwa mpangilio wa kawaida huweza kuanza kutokea kuanzia zamu ya 60, mara nyingi kwa njia ya bahari. Kabla ya zamu hiyo, kila mji wa pwani uwe na mlinzi halisi.

Vita

Pambano huamuliwa kwa raundi nyingi ndogo. Katika kila raundi, nafasi ya mshambuliaji kushinda ni nguvu yake ya kushambulia ikigawanywa kwa jumla ya nguvu yake na ya mlinzi. Chukua manati ya kale, yenye shambulio 6, dhidi ya Phalanx mwenye ulinzi 2. Askari wa nchi kavu aliye ndani ya mji huhesabiwa amejizatiti, hivyo 2 inakuwa 3, na manati inashinda raundi mbili katika kila tatu. Kwa kuwa raundi ni nyingi, ushindi wa pambano zima unapita asilimia 90. Sasa ongeza ukuta wa mji, unaozidisha ulinzi mara mbili: 3 inakuwa 6, na pambano ni nusu kwa nusu. Mpe mlinzi huyo uzoefu wa kambi ya mafunzo, ulinzi unafika 9, na mshambuliaji anapoteza manati baada ya manati. Kabla ya kushambulia au kujilinda, fanya hesabu hii.

Kanuni moja imeangamiza majeshi mengi kuliko adui yeyote: nje ya mji au ngome, mlinzi bora wa kigae akishindwa, wote walio katika kigae hicho hufa pamoja naye. Kwa hiyo usirundike manati sita uwanjani na mlinzi mmoja dhaifu. Watembeze na mlinzi imara, juu ya kilima inapowezekana, na washushe karibu na mji wa adui siku ile ile ya kupiga.

Lenga vita vyenye mwisho. Chagua jirani mmoja, kusanya vya kutosha kutwaa miji mitatu kwa mpigo, kisha kubali amani ukiwa umeshinda. Vita vya kusukumana mpakani kwa zamu hamsini huwanufaisha walio mbali tu.

Wakati wa kucheza na watu wengine kupitia mtandao, seva husikiliza kwenye bandari ya 5556 isipokuwa ukiibadilisha, na ni vizuri mkubaliane kabla juu ya muda wa kila zamu kwa mpangilio wa timeout. Mwanadamu hujenga karibu zaidi na hushambulia mapema zaidi kuliko kompyuta, hivyo yule askari wa kwanza wa mji usimruke kamwe.

Kuumaliza mchezo

Njia za ushindi zinazotumika zaidi ni kuwashinda wapinzani wote, ama ukiwa peke yako au pamoja na washirika wako, na kupeleka chombo cha anga. Kuteka dunia nzima huchukua muda mrefu sana katika ramani kubwa, kwa hiyo mwenye sayansi nzuri achague anga.

Kwanza ni lazima ajabu la Apollo Program lijengwe, kisha miji yenye viwanda huanza kutengeneza sehemu: fremu zisizozidi 32, zinazotokana na teknolojia ya Space Flight, vipande vya injini na mafuta visivyozidi 16, vya Plastics, na moduli zisizozidi 12, za Superconductors. Si lazima ukamilishe zote. Chombo kidogo chenye seti chache zilizounganishwa vizuri na injini za kutosha hufika mapema, na ukubwa hauongezi ushindi. Fungua dirisha la chombo kila zamu, uangalie uwezekano wa kufika salama na muda wa safari, na uelekeze ujenzi unaofuata kwenye sehemu inayopungua.

Wapinzani wa kompyuta humgeukia anayejenga chombo cha anga, hata waliokuwa marafiki. Tena, mji mkuu ukitekwa kabla chombo hakijafika, chombo chote hupotea. Kwa hiyo kabla ya kuanza fremu ya kwanza, zungushia mji mkuu ukuta, ulinzi wa pwani na betri ya makombora ya kudungua ndege, weka ndani yake walinzi bora watatu au wanne wenye uzoefu, na upeleke reli kutoka kila mji wenye jeshi. Kama mji mkuu wako upo pwani na adui ana meli za kubeba ndege, jenga kasri katika mji wa ndani ya bara ili makao makuu yahamie huko kwanza, kisha ndipo uanze kujenga chombo.